Shaka ya Moyoni na Amana ya Ulimi

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akampa akili ya kupambanua na ulimi wa kubainisha. Tunamhimidi, tunamtaka msaada na tunamwomba maghufira. Tunashuhudia ya kuwa hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Allah peke yake, na tunashuhudia ya kuwa Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, jamaa zake na Masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo. Enyi Waislamu mliohudhuria msikitini, nanyi mnaotusikiliza majumbani kwa njia ya redio, tunakuusieni pamoja na nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu, kwani yeye anayajua yaliyomo vifuani kabla hayajafika midomoni.

Khutba yetu ya leo inahusu shaka. Hatukusudii shaka ya mtu katika dini yake, bali ile inayotuingia kila siku juu ya mambo ya dunia: kiongozi amesema neno, nasi hatuliamini, mganga wa hospitali ametoa onyo, nasi twalitilia mashaka, bei imepanda sokoni, nasi twadhani pana hila. Zamani mtu aliyekuwa na shaka kama hiyo aliitoa barazani, ikasikiwa na watu watano au sita. Leo anaiandika katika simu iliyo mfukoni mwake, na kabla hajamaliza kunywa chai yake imekwisha kusomwa Biharamulo, Ngara, Mwanza na Maskati. Je, dini yetu yasemaje juu ya jambo hili?

Ndugu Waislamu, hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Katikati ya Januari 2025 zilienea habari kwamba katika wilaya ya Biharamulo watu wanakufa kwa maradhi ya Marburg. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya watu wanaodhaniwa kuugua. Wizara ya Afya ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha maradhi hayo. Kisha tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Jamhuri ya Muungano alitangaza mjini Dodoma, naye Mkurugenzi Mkuu wa Shirika hilo akiwa pamoja naye, kwamba uchunguzi zaidi umethibitisha mgonjwa mmoja. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha, tarehe 13 Machi 2025, hesabu ilikuwa watu kumi: wawili waliothibitishwa kwa vipimo na wanane waliohesabiwa kuwa yamkini waliugua. Wote kumi walikuwa wamefariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Hebu tuzitazame siku zile chache, baina ya taarifa ya kwanza na tangazo la Dodoma. Mtu wa Biharamulo alikuwa na haki ya kuwa na shaka, maana aliyasikia maneno mawili yasiyopatana, na yote mawili yametoka kwa wakubwa. Hatuwezi kumwambia kuwa shaka yake ilikuwa dhambi. Mwenyezi Mungu katika Suratil Hujurat, aya ya 12, ametuamrisha kujiepusha na dhana nyingi, akatueleza kuwa baadhi ya dhana ni dhambi. Amesema baadhi, hakusema zote. Basi shaka peke yake haina lawama. Swali ni hili: mwenye shaka aliipeleka wapi?

Tuchukue mfano wa watu wawili. Wa kwanza alimwendea mganga wa zahanati, akamwuliza: Ikiwa maradhi haya yapo, dalili zake ni zipi, nasi tujilinde vipi? Wa pili alikaa akaandika kwamba hakuna ugonjwa wowote, huo ni uzushi wa kutafutia fedha, na kwamba waliokufa wamerogwa. Akawapelekea watu mia. Wote wawili walikuwa na shaka ile ile moja. Lakini Marburg huambukiza kwa kugusa damu na majimaji ya mwili wa mgonjwa, na mwili wa maiti una hatari kubwa. Nasi Waislamu maiti wetu tunawaosha kwa mikono yetu. Basi mtu mmoja katika wale mia, akiyaamini maneno hayo, akamwosha jamaa yake bila ya kinga hali ya kuwa wanavyuoni wameruhusu maiti wa namna hiyo atayamamiwe, au azikwe bila ya kuoshwa ikiwa kumgusa ni maangamizi, je, dhima ya roho hiyo itakuwa juu ya nani? Mwandishi atasema: Mimi nilitoa maoni yangu tu. Siku ya Kiyama neno hilo halitamfaa.

Mwenyezi Mungu ameieleza hali hii waziwazi katika Suratin Nisaa, aya ya 83. Amewataja watu ambao likiwafikia jambo la amani au la hofu hulitangaza papo hapo. Na akatufahamisha kwamba lau wangalilirejesha kwa Mtume na kwa wenye madaraka miongoni mwao, wale wawezao kulichungua wangaliujua ukweli wake. Tazameni kwamba aya haikutaja uongo hata kidogo. Huenda habari ile ikawa ya kweli. Kosa lao ni kuitangaza kabla ya kuichungua. Na Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, kuwa yamtosha mtu kuhesabiwa mwongo kwa kusimulia kila analolisikia.

Waswahili tuna msemo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Msemo huu wengi wameufanya ni dalili ya kisheria! Mwenye kusikia tetesi huona kuwa kule kusemwa kwake ni ushahidi tosha. Lakini Suratil Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kinyume cha hivyo: fasiki akituletea habari tuipeleleze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta.

Enyi wakazi wa Ngara, majuto hayo nyinyi mmeyaona kwa macho. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa mchana mmoja na usiku wake, watu wapatao 250,000 walilivuka daraja la Rusumo wakaingia katika wilaya yenu, wakapiga kambi Benaco. Na mto Kagera ukawa unateremka na maiti mpaka Ziwa Viktoria. Vita na siasa za miaka mingi zilihusika katika msiba ule. Lakini palikuwa pia na redio moja ya Kigali, RTLM, iliyoanza kutangaza Julai 1993. Haikuanza kwa amri za kuua. Ilianza kwa muziki, mizaha na maongezi kama ya watu walioketi kijiweni: fulani hatumwamini, fulani ana siri, wale wana njama. Kidogo kidogo shaka ikawa habari, habari ikawa chuki, na chuki ikashika panga. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Mahakama ya rufaa, mwaka 2007, ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza vifungo, lakini haikumwachia huru hata mmoja. Katika hukumu ile ya kwanza, miongoni mwa makosa waliyotiwa hatiani wote watatu yalikuwamo makosa ya maneno.

Wala si kwamba chombo ndicho kibaya. Mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi lilianzisha Redio Kwizera huko huko Ngara, na maana ya jina lake ni tumaini. Mawimbi ni yale yale. Yaliyobadilika ni kinachosemwa na nia ya msemaji. Kadhalika simu yako: yaweza kumwokoa jirani, na yaweza kumwangamiza.

Nasema haya, na namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi, nanyi, na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad.

Enyi Waislamu, asije mtu akaifahamu khutba hii kuwa twawataka watu wanyamaze na waamini kila wanaloambiwa. Haikuwa hivyo kwa wema waliotutangulia. Sayyidna Umar (r.a.), katika ukhalifa wake, alisafiri kwenda Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh makamanda wake walimpokea wakamwambia kuwa tauni imeingia nchini. Umar akawaita Muhajirina akawataka shauri, wakakhitalifiana. Akawaita Ansari, wakakhitalifiana vile vile. Akawaita wazee wa Kikureshi, wao wakaafikiana kwamba arudi. Alipotangaza kuwa atarudi, Abu Ubaida, naye ni katika Masahaba wakubwa, akampinga mbele ya watu, akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar hakumfunga wala hakumfukuza. Alimjibu kwamba wanaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mchunga ngamia mwenye mabonde mawili, moja la rutuba na moja kavu. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf, aliyekuwa hayupo, akawaeleza kwamba amemsikia Mtume (s.a.w.) akikataza watu kuingia nchi yenye tauni, na kukataza aliyemo kutoka kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Mungu, akarudi. Mazungumzo yakamalizwa na elimu.

Katika kisa hiki mna mafunzo mawili. La kwanza ni la mwenye shaka. Abu Ubaida aliisema shaka yake, tena kwa mkubwa kabisa, lakini aliisema kwa mhusika, uso kwa uso, kwa jina lake, naye yuko tayari kusikia jawabu. Imepokewa kwa Mtume (s.a.w.) kuwa katika jihadi iliyo bora kabisa ni neno la uadilifu mbele ya mtawala dhalimu. Tulizingatie neno hili, mbele. Anayesema mbele ya mtawala anajihatarisha nafsi yake kwa ajili ya haki. Anayerusha tuhuma kwa jina la bandia usiku wa manane anahatarisha heshima za wengine, naye mwenyewe amejificha.

Funzo la pili ni la wenye madaraka, kuanzia baba wa nyumba, mwenyekiti wa kitongoji, imamu wa msikiti, mpaka wakubwa wa taifa. Umar aliuliza kabla ya kuamua, na alipoulizwa akajibu. Aya tuliyoitaja imewaamrisha watu warejeshe mambo kwa wenye madaraka. Basi ni wajibu wa wenye madaraka kuwa watu wa kurejewa. Mlango ukifungwa, swali halifi. Hutoka kwa dirishani likiwa limevaa nguo za uvumi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeweka adhabu kwa mwenye kusambaza habari anazozijua kuwa za uongo. Sheria ina nafasi yake, lakini haiwezi peke yake kuiondoa shaka. Shaka huondolewa na ukweli uliosemwa mapema, na mtu akikosea katika kauli yake ya kwanza, husahihisha hadharani. Jambo lililofanyika Dodoma tarehe 20 Januari, la kutangaza yaliyothibitika, ndilo lililowapa watu wa Biharamulo njia ya kujilinda.

Enyi vijana wanafunzi, msione haya kuwa na maswali. Kuuliza si ujinga. Nabii Ibrahim (a.s.) alimwomba Mola wake amwonyeshe vipi anavyohuisha wafu, si kwa kukosa imani, bali moyo wake utulie. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, ameeleza katika kitabu chake al-Munqidh kwamba alipatwa na shaka kubwa katika misingi ya elimu yote kwa muda wa karibu miezi miwili, na kwamba shaka ile ilikuwa ndani ya hali yake, haikuwa katika maneno yake. Aliitibu kwanza, kisha akaandika. Laiti sisi tungalingoja hata siku mbili!

Basi kila mmoja wetu, kabla ya kuandika au kupeleka neno, na ajiulize: Je, ninalijua, au nimelisikia? Je, yuko mtu niwezaye kumwuliza, nami sijamwuliza? Likiwa si kweli, nani atadhurika? Je, niko tayari kulisema mbele ya yule ninayemsema? Na akiisha kupeleka kisha akabaini kuwa amekosea, na awarudie wale wale aliowapelekea, awaambie: Nilikosea. Najua maji yakimwagika hayazoleki, lakini toba ya mwenye kueneza ni kueneza masahihisho. Na nyinyi wazazi, jioni mkiketi na watoto, msisome habari ya kutisha kisha mkanyamaza. Waulizeni: Tumejuaje kuwa ni kweli? Hiyo nayo ni madrasa.

Suratil Israa, aya ya 36, imetufahamisha kuwa masikio, macho na moyo, vyote hivyo vitaulizwa. Moyo utaulizwa ulichodhani, na ulimi utaulizwa ulichokieneza.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki kuwa ni haki uturuzuku kuifuata, na utuonyeshe batili kuwa ni batili uturuzuku kuiepuka. Warehemu waliofariki kwa maradhi Biharamulo na Bukoba, na warehemu waliouawa ng'ambo ya Rusumo. Wape viongozi wetu ndimi za kweli na masikio ya kusikia, na utujaalie sisi kuwa wenye kuuliza kwa adabu na kusema kwa insafu. Amin.

Simamisheni Sala.