Tumbawe Halitaki Haraka
(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Voi)

Leo tuna neno ambalo wengine watalishangaa. Tutazungumza juu ya matumbawe ya baharini. Najua mtasema, "Sisi watu wa milima na nyika, bahari inatuhusu nini?" Ngojeni kidogo.

Vijana wa vikundi vyetu wameona picha za watu wa Ulaya na Marekani wanaofuga matumbawe hai nyumbani, ndani ya matangi ya kioo. Kipande kidogo kinauzwa kwa bei inayotisha. Basi wanatuuliza: je, kikundi kikitoa akiba yake, hatuwezi kufanya mradi kama huo hapa Voi? Swali ni zuri, na akiba ya kikundi si mchezo. Ni jasho la akina mama waliochanga shilingi kwa shilingi. Kwa hivyo tusikimbilie kujibu. Kwanza tumjue mgeni mwenyewe.

TUMBAWE NI NINI?

Wengi wetu tumeona mawe ya Fort Jesus kule Mombasa. Hayo ni mawe ya matumbawe ya zamani, yaliyokufa. Lakini tumbawe lililo hai si jiwe, wala si mmea. Ni wanyama wadogo sana, maelfu kwa maelfu, wanaoishi wameshikana kama nyuki katika mzinga. Kila mmoja ana mdomo na vidole laini vya kukamatia chakula. Chini yao wanajenga nyumba ya chokaa, nayo ndiyo inayokuwa mwamba.

Ndani ya mwili wa kila kinyama mna mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani huo unatumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, na mwenye nyumba anakula sehemu kubwa. Rangi nyingi ya tumbawe pia inatoka kwa mpangaji huyo. Maji yakipata joto kupita kiasi, mpangaji anafukuzwa. Tumbawe linabaki jeupe kama mfupa, na joto lisiposhuka, linakufa kwa njaa.

Tena halina haraka. Yale yenye matawi yanaweza kukua kama sentimita 10 kwa mwaka yakitunzwa vizuri. Yale ya mviringo, yaliyo kama mawe makubwa, hukua kama sentimita 1 tu. Hesabuni wenyewe: tumbawe la urefu wa mita 3 lina umri wa miaka karibu 300.

KULITUNZA NDANI YA TANGI

Wanaofanya kazi hii wanafuata mambo yafuatayo:

1. Joto lisipande wala kushuka ghafula. Maji yawe nyuzi 24 hadi 27. Si mnajua jua la Voi? Mchana hewa inapita 30 bila shida. Kwa hivyo utahitaji mashine ya kupoza maji mchana na usiku.

2. Chumvi iwe sawa na ya bahari, yaani gramu 35 hivi katika kila kilo ya maji. Hapa wengi hukosea. Maji yakipungua kwa mvuke, chumvi haiondoki, inabaki ndani. Ukijazia maji ya chumvi, unazidisha. Unatakiwa kujazia maji matamu yaliyosafishwa. Ni kama mama anayechemsha mchuzi: ukikauka, anaongeza maji, haongezi chumvi.

3. Mwanga na mwendo wa maji. Taa kali ziwake saa 8 hadi 10 kwa siku, na pampu zisukume maji bila kusimama. Stima ikipotea usiku kucha, hewa inapungua ndani ya maji, na asubuhi unaweza kukuta kazi ya miaka miwili imekufa.

4. Chokaa. Matumbawe yanaichota kutoka kwenye maji ili kujenga nyumba yao. Mtunzaji anapima kila wiki na kurudisha kilichopungua, kidogo kidogo.

5. Usafi. Chakula kingi kinaoza na kuleta mwani mbaya unaofunika matumbawe. Shaba nayo ni sumu, hata ikiwa kidogo sana.

6. Subira. Tangi jipya linaachwa kwanza wiki kadhaa ili bakteria wazuri wanaokula uchafu wazaliane. Matumbawe haya magumu yaliyo dhaifu huingizwa baada ya miezi mingi. Na mgeni yeyote huoshwa na kuchunguzwa wadudu kwanza, kama vile sisi tunavyomtenga mbuzi aliyenunuliwa sokoni.

Mkiyatazama yote haya mtaona neno moja: KUTOBADILIKA. Tumbawe linaweza kuvumilia kasoro ndogo, lakini mabadiliko ya ghafula yanaliua.

Basi jibu letu kwa vijana ni hili. Bahari iko mbali nasi, kiasi cha kilomita 150. Joto letu ni kali na stima inapotea. Tena kuchukua tumbawe hai baharini bila kibali ni kosa, na tangu 1990 biashara ya matumbawe magumu kati ya nchi na nchi inasimamiwa na mkataba wa kimataifa. Mradi huu hautaifaa akiba ya kikundi cha kijiji. Tusiwadanganye.

LAKINI KUNA TANGI KUBWA ZAIDI

Kuna watu kama sisi wanaotunza matumbawe bila kioo wala stima. Kule Kuruwitu, Kilifi, wavuvi waliona samaki wanapungua mwaka hata mwaka. Katikati ya miaka ya 2000 walikubaliana kufunga kipande cha bahari, hekta 30 hivi, asivue mtu. Walipaita "tengefu". Wazee wetu wa Taita wanalijua jambo hili. Fighi zetu zilihifadhiwa hivyo hivyo: mti haukatwi, na asiyetii ana kesi. Pale Kuruwitu samaki walirudi, na 2017 kazi yao ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Huko kusini, Mkwiro na Wasini, wanajamii pamoja na wataalamu wanapanda matumbawe. Wanachukua vipande vidogo, wanavifunga kwenye mabomba ya plastiki yaliyosimamishwa kama miti ndani ya maji. Ni kitalu, kama kitalu chetu cha miche. Wapiga mbizi wanarudi mara kwa mara kusugua mwani na kuondoa wadudu. Vikishakua vinahamishiwa kwenye mwamba. Ni palizi tu, ndugu zangu, isipokuwa inafanywa ukiwa umezuia pumzi au umebeba mtungi wa hewa.

Kazi hiyo ina maadui wawili. Wa kwanza ni joto. Mnaikumbuka El Niño ya 1997 na 1998. Huku tulipata mafuriko, nako baharini, mapema 1998, maji yalipata joto na sehemu nyingi za pwani yetu zilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe. Mwaka 2024 tena wataalamu walitangaza matumbawe kuwa meupe duniani kote.

Adui wa pili ni UDONGO, na hapa ndipo tunapoingia sisi.

MAJI YETU YANAKWENDA WAPI?

Mto Tsavo unaungana na Athi kuwa Galana, unapita mbugani, unaitwa Sabaki, na kumwagika baharini karibu na Malindi. Mto wetu wa Voi nao unapita hapa mjini, unaingia Tsavo Mashariki hadi bwawa la Aruba lililojengwa 1952, na mvua ikizidi maji yanaelekea upande wa Kilifi. Udongo unaofika huko unafunika matumbawe na kuzuia mwanga. Mpangaji anakosa jua, mwenye nyumba anakosa chakula.

Haya si maneno ya kubuni. Tumbawe lina pete za miaka kama mti. Wataalamu walitoboa tumbawe moja la Malindi lenye miaka 300 hivi, na 2007 wakaeleza walichokisoma ndani yake. Alama za udongo wa mto zilikuwa chache kwa miaka mingi, kisha zikaongezeka sana kuanzia mwanzo wa karne ya 20, mashamba na makazi yalipopanuka bara. Yaani kila jembe lililolimwa vibaya liliandikwa huko chini ya bahari.

Tusijilaumu peke yetu. Udongo mwingi wa Sabaki unatoka Ukambani na nyanda za juu. Lakini mto haumuulizi mtu kabila. Tena, kabla udongo haujamwumiza mvuvi wa pwani, umeshamwibia mkulima wa Mwatate, wa Wundanyi na wa Sagalla. Mahindi hayaoti juu ya mwamba.

Kwa hivyo akiba ya kikundi ina kazi. Tuchimbe makinga maji ya fanya juu kwa kufuata usawa wa mlima, tukipima kwa fremu ya A, ambayo ni miti mitatu, kamba na jiwe. Tupande nepia ukingoni, ng'ombe apate chakula. Tuzibe makorongo yakiwa bado madogo, kwa mawe na katani. Tuache ukingo wa mto na miti yake. Na tukubaliane mahali pa kuchota mchanga, kwa zamu na kwa sheria.

Faida ya kwanza ni yenu: maji yanabaki shambani. Ya pili inamfikia ndugu wa pwani ambaye hamtamwona.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Mvua ya mwisho iliyokuwa kubwa, maji ya kijiji chetu yalikuwa na rangi gani? Udongo huo ulitoka shamba la nani?

2. Ni korongo lipi tunaloweza kuliziba kabla ya mvua za vuli, na nani ataleta nini?

3. Je, kuna mradi tunaoutamani kwa sababu ya bei yake tu, bila kujua gharama ya kuutunza?

Andikeni majibu kwenye daftari la kikundi na mje nayo mkutano ujao. Kidole kimoja hakivunji chawa.