Mtendaji Mpya Mbele ya Mkutano

Msikilizaji wetu wa Mashewa na vijiji jirani, leo nazungumza na kijana aliyeajiriwa karibuni kuwa mtendaji wa kijiji. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo wananchi watakupima.

Mzee anasimama: "Mwanangu, hela za darasa zimeishia wapi?" Kama jibu huna, usibabaike, wala usipandishe sauti. Sema: "Shikamoo mzee. Risiti mbili bado sijazipata. Ijumaa nitazibandika kwenye ubao wa matangazo." Ijumaa ikifika, zibandike kweli. Kwangu mimi, hilo lina uzito kuliko suti yoyote. Mavazi yana nafasi yake, ndiyo maana serikali ilitoa waraka kuyahusu mwaka 2007, lakini nguo safi ya heshima inatosha.

Usiku wa kuamkia mkutano, pitia daftari la mapato na matumizi mpaka ulielewe. Anayezijua hesabu zake hatetemeki.

Nanyi dada zetu watendaji, mtu akikukatiza, mwambie kwa utulivu, "Naomba nimalize, baba," kisha endelea pale ulipoishia.