MAJINA YA WAZEE WETU KATIKA MADAFTARI YA VITA

(Hotuba iliyosomwa na mwalimu mbele ya Kamati ya Jumuiya, siku ya kuwakumbuka wazee)



Kamati imetutaka sisi walimu tuseme machache juu ya swali linaloulizwa na familia nyingi hapa kambini: mtu atajuaje kweli ya babu yake aliyekwenda vitani? Visiwani na Kismayu zimo koo nyingi zenye habari ya mzee aliyechukuliwa na serikali. Mmoja alirudi, mwingine hakurudi. Habari tunazo, karatasi hatuna. Wazazi wetu walipopanda majahazi mwaka 1991 na 1992 waliokoa roho na watoto. Masanduku yalibaki nyuma. Wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na jina la mtu ni mali.

Jambo la kwanza ni kujua ni vita gani, na bendera ilikuwa ya nani. Wazee husema "vita vya Mjerumani" na "vita vya Mtaliana". Vya Mjerumani ni vya 1914 hadi 1918. Wakati huo Kismayu na Jubaland yote ilikuwa chini ya Mwingereza, ikitawaliwa kutoka Nairobi. Basi mzee aliyechukuliwa Koyama au Chovai mwaka 1917, habari zake zisitafutwe Roma. Mwaka 1925 nchi yetu ikakabidhiwa Italia. Vijana wasikilize vizuri: yalikuwa ni malipo. Mwaka 1915 Italia iliahidiwa kufidiwa ardhi Afrika ikiingia vitani upande wa Uingereza, na sisi tukawa sehemu ya fidia hiyo. Kwa hiyo aliyevaa nguo za kijeshi baina ya 1925 na 1941 alikuwa askari wa Mtaliana. Tarehe 14 Februari 1941 jeshi la Mwingereza liliingia Kismayu, na tarehe 25 Mogadishu. Utawala wake wa kijeshi ukaendelea hadi 1950. Ndugu wawili wa nyumba moja wanaweza kupatikana katika madaftari ya majeshi mawili yaliyopigana.

Jambo la pili ni majina. Karani aliandika alivyosikia. Mwingereza aliandika Kismayu, Mtaliana akaandika Chisimaio. Koyama kwa Mtaliana ni Coiama, Chovai ni Ciovai, na Wabajuni ni Bagiuni. Burikavo Mwingereza aliiita Port Durnford. Mtu akitafuta kwa tahajia moja tu, atasema babu yake hayumo, kumbe yumo. Tena Ali bin Mohamed wako maelfu. Anayemtenga mmoja na mwingine ni jina la babu, kisiwa, na nambari ya jeshi.

Jambo la tatu ni nishani. Aliye nayo asiiuze wala asiisugue. Nishani ya Mwingereza ya vita vya 1914–1918 ilichongwa ukingoni nambari, jina na kikosi cha mwenyewe. Nishani zake za vita vya 1939–1945 kwa kawaida hazikuandikwa jina. Za vita hivyo cheti cha kuachishwa jeshi ndicho chenye habari.

Jambo la nne ni mahali pa kuuliza. Nyaraka za utawala wa Mwingereza zimo katika Nyaraka za Taifa la Kenya, Nairobi, na nyingine ziko Kew, London. Kew zimo shajara za vikosi, zinazoeleza kikosi kilikuwa wapi siku fulani. Lakini mara nyingi afisa huandikwa jina, na Mwafrika huhesabiwa tu. Habari za askari wa Mtaliana huulizwa Roma. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya waliokufa, nayo hutafutwa kwa jina bila malipo.

Lakini tusitarajie kumpata kila mtu. Nairobi, barabara ya Kenyatta, ipo sanamu ya askari na mpagazi, yenye maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Inawasifu wote, haimtaji hata mmoja. Mwaka 2021 Tume hiyo yenyewe ilikiri kwamba wanajeshi na wapagazi wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina. Hata mishahara ya maelfu ya wapagazi waliokufa haikulipwa. Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wao, aliidai kwa miaka, London ikakataa. Serikali zililipana kwa nchi yetu, na mpagazi hakulipwa ujira wake.

Ndugu zetu, haya si mambo ya kale matupu. Mbajuni wa Somalia akifika ofisi za nchi za mbali huambiwa yeye si wa huko, kwa kuwa lugha yake ni ya pwani na Kisomali chake ni kidogo. Hatusemi karatasi ya babu itampa mtu hifadhi. Tunasema inaonyesha kwa mkono wa serikali kwamba watu wetu walikuwa katika visiwa vile kabla ya mpaka huu wa leo.

Basi tusiongeze chumvi. Mzee aliyebeba mizigo asifanywe sajini. Uongo mmoja ukigunduliwa, na kweli yetu yote itatiliwa shaka.

Tunaiomba Kamati itupe daftari moja kubwa. Walimu tutakaa na wazee baada ya alasiri, tuandike jina kamili, kisiwa, ukoo, vita, alichobeba, kama alirudi, na nani aliyetusimulia. Anayesimulia asahihi au atie kidole. Tuanze na wenye umri mkubwa, maana wao ndio maktaba yetu, na maktaba hii haina nakala ya pili.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, wanaojulikana majina na wasiojulikana.