Kisu Kidogo cha Mfukoni: Kifaa cha Kazi, Si Silaha

Hotuba iliyoandaliwa kwa baraza za wananchi, Kaunti ya Nyeri



Msimu wa kupanda ukifika, tazameni namna mkulima anavyofungua pakiti ya mbegu ya mahindi. Mikono ina udongo, nyumba iko mbali, na panga ni kubwa mno kwa kazi hiyo. Basi anaipeleka pakiti mdomoni na kuichana kwa meno. Mbegu hizo zimepakwa dawa ya kuzuia wadudu na ukungu, ndiyo maana mara nyingi hutiwa rangi ili mtu asizile. Hivyo hivyo hufanyika kwa pakiti ya dawa ya kunyunyizia viazi au nyanya. Mtu anatia sumu mdomoni kwa kukosa kitu chenye urefu wa kidole.

Kitu hicho ni kisu kidogo cha kukunja, kinachokaa mfukoni na funguo na simu. Si cha kujivunia mbele za watu. Faida yake ni moja: kazi inapotokea, kipo.

Kazi zenyewe hazikosekani katika kaunti hii. Mkulima wa kahawa wa Othaya au Mukurwe-ini akipita shambani na kuona machipukizi yasiyotakiwa, huyaondoa papo hapo badala ya kusema atarudi kesho. Mfanyabiashara wa soko la Karatina hukata uzi wa gunia bila kulipasua gunia zima. Fundi wa umeme, mshonaji, dereva wa lori na mwanafunzi wa chuo cha ufundi, kila mmoja ana lake.

Kuna siku, hata hivyo, ambapo suala si kuokoa muda bali kuokoa uhai. Mfugaji anamkuta ndama amejizungusha kwenye kigingi, kamba imekaza shingoni. Fundo lililovutwa na uzito wa mnyama halifunguki kwa vidole, na ndama huyo ana dakika chache tu. Mwenye kisu humaliza kwa mkato mmoja. Asiye nacho hukimbilia nyumbani, na huenda akarudi amechelewa.

Barabarani ni vilevile. Tangu mwaka wa 2004, kanuni zilizopewa jina la Waziri John Michuki ziliwafanya abiria wa matatu kufunga mikanda ya usalama. Mkanda huokoa maisha, na kila abiria aufunge. Lakini gari likipinduka, kitufe cha kuufungulia huweza kukwama. Kama gari linatoa moshi au liko majini, mkanda sharti ukatwe. Kwanza mshikilieni majeruhi, hasa akiwa ananing'inia, asije akaanguka kwa kichwa. Kisha kata mkanda karibu na bega au nyonga, makali yakielekea mbali na mwili wake. Ikiwa hakuna hatari ya moto wala maji, msimvute; huenda ameumia uti wa mgongo. Pigeni 999 au 112, au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, mngoje waliofunzwa.

Fikra hii ya kujiandaa mapema ina historia hapa Nyeri. Robert Baden-Powell, aliyeanzisha uskauti mwaka wa 1907, alihamia mji huu mwaka wa 1938, akaishi katika nyumba ndogo ya Paxtu kwenye uwanja wa Hoteli ya Outspan. Alifariki tarehe 8 Januari 1941 na kaburi lake liko papa hapa mjini. Maskauti kutoka nchi nyingi hulizuru. Wito aliowaachia ni mfupi: uwe tayari. Skauti hufundishwa kutumia kisu pamoja na mafundo ya kamba na huduma ya kwanza, na huanza kwa kujua namna ya kumpa mwenzake kisu: kikiwa kimekunjwa, au mpini ukitangulia.

Huko Nanyuki kuna kisa kingine. Mwaka wa 1943 Felice Benuzzi, mfungwa wa kivita kutoka Italia, alitoroka kambini pamoja na wenzake wawili ili kupanda Mlima Kenya. Hawakuwa na vifaa vya kupandia. Kwa miezi kadhaa kabla ya kutoka walivitengeneza kwa siri, wakageuza nyundo kuwa mashoka ya barafu. Wawili kati yao walifika kilele cha Lenana, chenye urefu wa mita 4,985, kisha wote watatu wakarudi kambini wenyewe. Barafu ilipowakabili, vifaa vilikuwa tayari mikononi. Hilo ndilo funzo: kifaa huandaliwa kabla ya haja.

Wahenga walisema, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Walisema pia, tahadhari kabla ya hatari. Methali hizi mbili ziende pamoja, kwa kuwa kuna mahali kisu hakifai kabisa.

Aliyeumwa na nyoka asichanjwe jeraha. Kuchanja hakuitoi sumu, bali huongeza kuvuja damu na maambukizi. Atulizwe, kiungo kisichezwechezwe, apelekwe hospitalini haraka. Kitovu cha mtoto aliyezaliwa njiani kisikatwe kwa kisu cha mfukoni, maana uchafu wake huweza kuleta pepopunda. Mama na mtoto wafunikwe joto pamoja, wafikishwe kituo cha afya. Ng'ombe aliyevimba tumbo asidungwe kwa kubahatisha. Afisa wa mifugo aitwe mara moja. Na anayekata mgomba wenye ugonjwa aoshe makali kwa maji ya jiki kabla ya kugusa mwingine, la sivyo atausambaza ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe.

Kuhusu sheria, vijana wasikilize vizuri. Kanuni ya Adhabu inakataza mtu kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kutia watu hofu. Kisu cha kazi hubadilika kuwa silaha pale kinapochomolewa katika ugomvi, hata kama hakikumgusa mtu. Kwa hivyo kisionyeshwe wala kuchezewa kwenye steji ya matatu. Kiachwe nyumbani na anayekwenda mahakamani, kwenye mkutano wa siasa, au mahali pa kunywa pombe. Msafiri wa ndege akitie kwenye mzigo unaokabidhiwa, si mkobani. Polisi akiuliza, jibu kwa adabu, ueleze kazi yako.

Anayenunua achague chenye makali mafupi, na ambacho kikifunguliwa hujikaza kisirudi vidoleni. Kinolewe mara kwa mara, maana kisu butu humfanya mtu atumie nguvu, nacho huteleza na kumkata. Kikaushwe baada ya kazi na kupakwa tone la mafuta, kwa kuwa unyevu wa mlimani huleta kutu haraka. Kiwekwe mbali na watoto wadogo. Mtoto mkubwa afundishwe na mzazi kukata akielekeza makali mbali na mwili, na kukikunja kabla ya kutembea.

Ndugu wananchi, leo mkirudi nyumbani, kila mmoja apekue mfuko wake. Akikuta simu, funguo na sarafu peke yake, ajiulize atakata na nini kamba ya ndama huyo jioni ikiingia.