Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kujiandaa kwa Maradhi ya Kuambukiza Hapa Mpakani

(Maneno ya Kamati ya Afya yaliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Busia)



Kwa kawaida sisi wa Kamati ya Afya hatupewi muda mrefu, kwa maana hesabu za fedha ndizo zinazongojewa na wengi. Lakini neno tulilo nalo leo lahusu hesabu hizo pia. Chama hiki, kama vyama vingi vya ustawi katika nchi yetu, kiliundwa kwanza kwa sababu ya mauti: ili mwenzetu akifa asikose sanduku, wala gari la kumrudisha kwao, wala mkono wa rambirambi kwa mjane na yatima. Kazi hiyo ni njema, nasi hatutaki iachwe. Twataka tu kuuliza kama hazina iliyo tayari kumzika mtu haiwezi kuwa tayari pia kumfikisha hospitali angali hai.

Wote tulioketi hapa twaijua Busia. Wasamia wako upande huu na upande ule. Wateso ni vivyo hivyo. Binti wa huku huolewa kule, na mjomba wa kule huja kutoa shauri katika arusi za huku. Hata neno bodaboda lilizaliwa mpakani hapa, kwa vijana waliobeba abiria kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Kituo cha pamoja cha mpakani, kilichofunguliwa rasmi na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni tarehe 24 Februari 2018, kimewapunguzia wasafiri taabu nyingi. Hata hivyo kila mmoja wetu ajua ya kuwa si wote wapitao langoni. Ziko njia za panya, na wazipitao si wahalifu peke yao. Wamo akina mama wenye vikapu vya nyanya, watoto waendao kumwona bibi yao, na wagonjwa waendao kwa mganga wanayemwamini.

Sasa maradhi nayo hufuata njia zilezile za watu. Kwa hiyo yatupasa kufahamu ni lipi langoni laweza kuonekana, na ni lipi haliwezi.

Hatusemi ya kuwa ukaguzi wa langoni hauna faida. Mwishoni mwa Julai 2024 Wizara ya Afya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa mpoksi katika Kenya, naye alitambuliwa kwenye kituo cha mpakani Taita Taveta, akiwa safarini kutoka Uganda kwenda Rwanda. Wafanyakazi wale walistahili sifa. Lakini mpoksi hutoa vipele ambavyo jicho laweza kuviona. Ebola na Marburg ni habari nyingine. Maradhi haya huweza kukaa katika mwili wa mtu siku 2 hadi 21 kabla ya dalili kutokea. Katika siku hizo mtu hana homa, wala hamwambukizi mwenziwe. Kipimajoto hakina cha kuonyesha. Atavuka salama, atalala kwa ndugu yake, na homa itamshika akiwa tayari yumo kati yetu.

Twapenda mkumbuke mwezi wa Juni 2019. Mwezi huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifanya zoezi kubwa huko Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, ili watu wa nchi hizo mbili wajifunze kupambana na mlipuko kwa pamoja. Nao mwezi huohuo Ebola yenyewe ilivuka kutoka Kongo kuingia wilaya ya Kasese katika Uganda. Jamaa mmoja walikuwa wamekwenda Kongo kwa ajili ya mzee wao aliyekuwa mgonjwa, naye akafa. Waliporudi walipita njia ya miguu. Mtoto wao wa miaka mitano alithibitishwa kuwa na Ebola, kisha nyanya yake na mdogo wake. Wote watatu walifariki. Hata hivyo maradhi hayakuenea Uganda kutokana na jamaa hao, kwa sababu wahudumu wa hospitali waliompokea mtoto walikuwa wamefundishwa dalili, na wahudumu zaidi ya 4,000 wa sehemu za mpakani walikuwa wamechanjwa mapema. Angalieni basi: lango halikumwona mtoto yule. Aliyemwona ni mhudumu wa hospitali, na aliweza kumwona kwa kuwa wazazi walimleta. Lau wangemficha nyumbani kwa hofu, mafundisho yote yale yasingalifaa kitu.

Habari nyingine yatoka karibu nasi zaidi. Mwaka 2017, katika wilaya ya Kween, upande wa Uganda wa Mlima Elgon, mwindaji mmoja aliyekaa karibu na pango lenye popo aliugua akafa. Dada yake alimuuguza, akashiriki katika maziko. Naye akafa, na uchunguzi ukaonyesha ni Marburg. Kisha ndugu yao wa tatu akaugua, na kabla ya kufa alivuka akaingia Kenya. Wote watatu waliisha, ndugu wa tumbo moja. Watu wa afya wa nchi zote mbili walishirikiana kuwatafuta waliokutana naye, na tarehe 8 Desemba 2017 mlipuko ukatangazwa kuwa umekwisha.

Tukiifikiri habari hiyo twaona jambo la kuhuzunisha. Maradhi haya hayakupitia kwa adui. Yalipitia kwa dada aliyempa kaka yake maji, akamfuta jasho, akamwosha alipokufa. Mwili wa aliyekufa kwa Ebola au Marburg una hatari kubwa ya kuambukiza, na mila zetu zatuagiza kuugusa. Chama hiki kinapotoa gari na sanduku kwa ajili ya maiti, kinaingia katika jambo hilo hilo. Hatuwezi kusema ya kuwa ni kazi ya Serikali peke yake.

Tena mwaka 2022 Ebola ya aina ya Sudan ilitangazwa katika Mubende, Uganda, tarehe 20 Septemba. Mpaka ilipotangazwa kwisha tarehe 11 Januari 2023, watu 142 walikuwa wamethibitishwa kuugua na 55 kati yao kufa. Mwezi wa Novemba ilifika Jinja, mji ulio kwenye barabara kuu iletayo malori kwetu. Kwa aina ile hapakuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Iliporudi Kampala mwezi wa Januari 2025, chanjo ilikuwa bado katika majaribio. Kwa hiyo katika siku za hatari twaweza kujikuta hatuna silaha ila kujua mapema, kutoshikana ovyo, na kusema kweli.

Bwana Mwenyekiti, twafika sasa kwenye neno gumu, nalo ni namna tunavyomtendea mgeni.

Mwaka 2020, wakati wa Korona, madereva wa malori walikaa siku nyingi barabarani wakingoja majibu ya vipimo, na foleni zikarefuka kilometa nyingi kutoka Malaba na Busia. Watu hawa ndio waliotuletea ngano, mafuta na dawa. Hata hivyo katika miji mingi ya njiani walinyimwa chakula na mahali pa kuoga, wakaitwa wachukuzi wa maradhi. Wako waliosema ya kuwa kumfukuza mgeni ni kujikinga. Sisi twasema ni kujidanganya. Mtu aliyefukuzwa haendi hewani. Huenda kwenye nyumba nyingine, akiwa amejifunza kunyamaza. Atameza vidonge vya kushusha homa, atavaa koti, atasema ni uchovu wa safari. Mhamiaji asiye na karatasi atafanya hivyo zaidi, kwa kuwa akiiona hospitali aona pingu. Nasi tutakuwa tumeifunga midomo ya watu wale ambao maneno yao ndiyo tunayoyahitaji kupita yote.

Mataifa yamekubaliana juu ya jambo hili. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, katika kifungu cha 32, zaagiza wasafiri watendewe kwa heshima ya utu wao, na wakiwekwa karantini wapewe chakula, maji na matibabu. Wazee wetu walilisema kwa maneno machache: mgeni njoo, mwenyeji apone. Twalitumia neno hilo tukifikiri zawadi alizo nazo mgeni. Yafaa tulifikiri kwa maana yake ya pili: mgeni akipokelewa, akasema penye maumivu yake, mwenyeji naye hupona.

Kwa sababu hizo Kamati yauletea Mkutano huu mashauri matano, nasi twaomba yajadiliwe leo.

La kwanza, hazina ya mazishi itenge fungu la nauli ya wagonjwa. Mtu yeyote aliye katika nyumba ya mwanachama, awe Mkenya au mgeni, mwenye karatasi au asiye nazo, akishikwa na homa kali, kutapika, kuharisha au kutokwa na damu, afikishwe hospitali kabla ya kuulizwa ni wa ukoo gani. Homa nyingi zitakuwa malaria, nasi tutashukuru. Malaria nayo huua, na nauli haitakuwa imepotea.

La pili, wenye nyumba za kulala wageni, mama ntilie, waendesha bodaboda, utingo na wabadilishaji fedha wafundishwe dalili kwa Kiswahili chepesi, pamoja na Kiteso, Kisamia na Kiganda. Hao humwona msafiri kabla ya daktari. Wajulishwe mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chao ni nani. Serikali iliwapa vifaa wahudumu kama hao zaidi ya 100,000 mwezi wa Septemba 2023. Waijue pia namba 719, iliyotangazwa na Wizara ya Afya wakati wa Korona. Wafundishwe na hili: kutoa habari ya mgonjwa si kumshitaki. Asiyeweza kutofautisha mambo hayo mawili asipewe kazi hiyo.

La tatu, daktari akimshuku marehemu kwa maradhi ya namna hii, Chama kikubali maziko yafanywe na watu wenye nguo za kujikinga, na matanga yaahirishwe. Lakini rambirambi isipunguzwe hata senti moja. Jamaa waruhusiwe kusimama kwa mbali, kuomba dua na kuonyeshwa kaburi, ili pasiwepo mtu wa kusema ya kuwa ndugu yake alitupwa.

La nne, na hili twalisisitiza, mtu aliyekaribiana na mgonjwa akiambiwa akae nyumbani siku 21, Chama kimlishe yeye na watoto wake kwa siku hizo zote. Mama auzaye samaki hula leo kwa alichouza leo. Kumwambia akae ndani bila unga ni kumwambia avunje amri usiku. Mara nyingi twawalaumu watu wa namna hiyo kwa ujinga, kumbe kosa lao ni njaa.

La tano, matawi yetu ya pande zote mbili yakutane kila miezi mitatu, yabadilishane majina na namba za simu za wahudumu wa afya, ili habari ivuke mpaka kwa saa moja na isingoje barua za ofisini.

Twajua wako watakaosema ya kuwa hazina ni jasho la wanachama, na haifai kutumiwa kwa mtu asiyelipa ada. Neno lao si la kupuuzwa, kwa maana fedha ni chache. Jibu letu ni hili: maradhi hayasomi daftari la ada. Mgeni alalaye nyumba ya tatu kutoka kwetu akiachwa bila nauli, huenda mwezi ujao tukatoa gharama ya masanduku, na majina yatakuwa ya wanachama waliolipa kikamilifu.

Wala hatuahidi ya kuwa tukifanya haya yote hakuna mlipuko utakaotufikia. Mpaka wetu ni mrefu, na ndugu zetu ni wengi pande zote. Tunachoahidi ni kwamba ukifika utatukuta tunajuana na kuaminiana, mgonjwa wa kwanza akijulikana mapema. Tofauti ya mgonjwa mmoja na wagonjwa mia huanzia hapo.

Bwana Mwenyekiti, twayaweka mashauri haya mikononi mwa Mkutano. Yakikubaliwa, twaomba la nne lianze mara moja, kwa kuwa ndilo lisilohitaji ruhusa ya mtu yeyote ila sisi wenyewe.