Kufuli isitoshwe: maneno kwa vijana juu ya programu huru

Juma lililopita mumoja wetu aliuliza: hizi programu huru, zile ambazo kode yake iko wazi kwa kila mutu, zinafunga meseji zetu kwa siri. Na kama nchi fulani inakataza? Si afazali wenye kuzitengeneza watoshe ile kufuli, wasipate matatizo?

Hapana. Na swali hii si mupya.

Mwaka 1991, Mumarekani Phil Zimmermann aliachia watu PGP, programu ya kufunga barua za ordinatere. Ikavuka mipaka. Wakati ule sheria ya Marekani ilihesabu kufuli ya namna ile kama silaha: kuitosha inje bila ruhusa ni kosa. Wakamuchunguza karibu miaka 3, halafu Januari 1996 wakaacha bila kumushitaki. Lakini musikie vizuri: ilikatazwa kutosha programu, haikukatazwa kutosha kitabu. Njo kode ikachapishwa kwenye karatasi. Mwaka 1997, vitabu vyenye kurasa zaidi ya 6.000 vilifika Ulaya, watu wa kujitolea wakapitisha kila ukurasa kwenye skana, wakasahihisha makosa, mpaka programu ikaamuka tena. (Miye nashindwa kumaliza kurasa 20 za kozi.)

Watu wa Debian walifanya ingine. Depo yao kubwa ilikuwa Marekani. Hawakutupa kufuli, walifungua depo ya pili inje, wakaiita non-US, kusema «si ya Marekani». Mwenye kutaka SSH aliichukua kule. Bila kujificha, kila mutu alijua. Mwaka 2000 Marekani ililegeza sheria kwa kode iliyo wazi, na mwaka 2002 Debian 3.0 ikatoka na kufuli ndani, pamoja na programu zingine. Hata Ufaransa, mpaka mwaka 1999 mwananchi hakuwa huru kutumia kufuli ya biti 128.

Sasa fikirini: kama wangefuata sheria ya nchi yenye kukaza zaidi, dunia nzima ingepata mulango bila kufuli, na siye ndani. Juu ya nini mutu wa Goma alipe deni ya sheria ya Washington ao Paris? Na kode ikiwa wazi, mwenye kujua anaweza kuangalia kama hakuna ufunguo wa pili uliofichwa.

Lakini tusidanganyane. Mutengenezaji haendi gereza kwa nafasi yako. Kabla ya kusafiri na telefone yako, uliza sheria ya kule unaenda. Na intaneti ikikatwa, kama tarehe 31 Desemba 2018, kufuli haikusaidii kitu.

Siku ya posho, saa tatu ya asubui, tutafundishana kufunga telefone na ordinatere. Kila mutu alete yake, imejaa moto tayari, juu umeme hatuna hakika nayo.