Udongo Uwahi Ungali Maji: Mazungumzo na Wakazi wa Kata ya Cheyo

(Matini ya mazungumzo ya Ofisa Habari wa Halmashauri mbele ya wazazi na vijana wa kata)



Lipo swali ambalo wazazi wengi hujiuliza: "Mwanangu kutwa anachora na kufinyanga. Je, si kupoteza wakati?" Nitalijibu kwa kisa cha mwanafunzi mmoja.

Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950. Hakuanza na udongo. Kwanza alisomea michoro ya biashara nchini Kenya, na mwaka 1971 akaenda Uingereza kuendelea na masomo mjini Cambridge. Huko alikutana na ufinyanzi, akauhamia. Miaka ya 1974 na 1975 alifunga safari hadi Abuja ya zamani nchini Nigeria, mji unaoitwa leo Suleja, akajifunza kwa wanawake wafinyanzi. Mmoja wao alikuwa Ladi Kwali, ambaye sura yake imo katika noti ya naira 20. Tazameni jambo hilo: mwanafunzi wa chuo cha Ulaya aliketi chini ya mama wa Kiafrika ili afundishwe kupandisha chungu kwa mikono mitupu, bila gurudumu.

Odundo hukwangua chungu chake, hukipaka uji mwepesi wa udongo, kisha hukisugua hadi king'ae. Kikichomwa kwenye tanuri lenye hewa ya kutosha, hutoka chekundu. Kikichomwa tena pamoja na vipande vya kuni, hewa ikizuiwa, moshi hukigeuza cheusi. Udongo ni ule ule; tofauti huletwa na maarifa ya moto. Baadaye, akiwa tayari fundi mashuhuri, alijaribu kioo: mwaka 2014 alitoa kazi yenye vipande 1,001 vya kioo vilivyoning'inizwa. Mwaka 2020 Uingereza ilimpa heshima ya cheo cha Dame.

Ndugu zangu, funzo hili si geni kwetu. Wanyamwezi walifua chuma, wakatengeneza majembe yaliyouzwa mbali. Tembe ya Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872, inatukumbusha kwamba udongo na mlango wa mbao ya kuchongwa vinaweza kufanya nyumba yenye heshima. Mwaka 1916, katikati ya vita, Wajerumani walipokosa sarafu, karakana ya reli hapa Tabora iligonga sarafu za shaba, na nyingine za dhahabu ya Sekenke zenye picha ya tembo. Mji huu umewahi kugeuza malighafi iliyokuwa karibu kuwa fedha, kwa maana halisi ya neno hilo.

Hata hivyo, kila malighafi ina sheria yake. Chungu kikichomwa kabla ya kukauka hupasuka. Mbao ya mninga ikifanyiwa kazi ingali mbichi hupinda, na mteja hurudisha kabati. Kijana anayepasukiwa na chungu cha kwanza akachekwa nyumbani, huenda asifinyange cha pili. Hapo hatupotezi chungu tu, tunampoteza fundi. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa wazazi: mpeni mtoto nafasi ya kugusa udongo, mbao, chuma na nguo kabla ya kumchagulia njia. Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 imeweka mkondo wa amali katika sekondari, waulizeni walimu. Kwa wazee wenye ujuzi: msiuzike pamoja nanyi. Kwa vijana: msikimbilie fedha kabla ya kazi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Lakini mkopo si zawadi. Hurejeshwa, ili na mwenzako apate. Tengenezeni kwanza sampuli, andikeni gharama ya kila kitu, sajilini kikundi, ndipo mwende kwa Ofisa Maendeleo ya Jamii wa Kata. Mnaponunua mbao, hakikisheni zina kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu na mdai risiti, maana kazi nzuri ya mbao haramu inaweza kutaifishwa.

Sitawaahidi kwamba kila mtoto anayefinyanga atakuwa Odundo. Ninachosema ni kwamba Odundo naye alianza kwa kalamu na karatasi, asijue kwamba kazi yake ilikuwa inamngoja kwenye udongo. Angezuiwa kujaribu, asingeijua.